Kifafa, Nasaba na Posa Zetu



Desturi ya kuchunguzana kabla ya nikahi ni desturi njema, na wazee wetu hawakuiweka bure. Barua ya posa ikifika, kila upande huuliza: kijana ni wa nani, tabia yake ikoje, anafanya kazi gani, kwao wanaishi vipi na majirani. Ndani ya maswali hayo limo moja ambalo halisemwi kwa sauti. Huulizwa jikoni kwa kunong'ona, au pembeni baada ya sala: "Kwao kuna kifafa?" Jibu likiwa ni ndiyo, aghalabu posa hufa papo hapo, wala sababu haitolewi. Binti mwenye afya yake hukaa miaka akijiuliza ana ila gani, kumbe ila aliyopewa ni kwamba kaka yake aliwahi kuanguka shuleni.

Wiki hii twataka kulitoa swali hilo jikoni na kuliweka barazani. Je, kifafa hupita katika damu? Jibu la kweli lina sehemu mbili, na wengi wetu hushika moja tukaiacha ya pili. Ndiyo, urithi una nafasi yake katika maradhi haya. La, nafasi hiyo si hukumu juu ya ukoo mzima, na mara nyingi ni ndogo kuliko hofu yetu.

Tuanze na maradhi yenyewe. Chembe za ubongo huzungumza kwa umeme hafifu. Kwa kawaida mazungumzo hayo huenda kwa mpango: hizi zikisema, nyingine huzituliza. Pale kundi kubwa la chembe linapowaka kwa pamoja bila ya kutulizwa, mtu huanguka, viungo vikatikisika, au hupotewa na fahamu kwa muda akakodoa macho tu. Hali hiyo ikijirudia bila ya homa wala sababu nyingine ya papo kwa papo, ndipo tabibu husema huyu ana kifafa. Povu la mdomoni ni mate, haliambukizi. Hili si neno la wazungu wa juzi. Ibn Sina, aliyeandika Al-Qanun fi al-Tibb karibu miaka elfu moja iliyopita, aliyaeleza maradhi ya kuanguka, yaani sara'a, miongoni mwa maradhi ya ubongo.

Sababu zake ni nyingi, na hapa pwani tunazo za kwetu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanywa katika sehemu tano za Afrika: Kilifi hapa kwetu, Ifakara nchini Tanzania, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana, na Agincourt nchini Afrika Kusini. Katika Kilifi, watu karibu 8 kwa kila 1,000 walikadiriwa kuwa na kifafa cha kuanguka na kutikisika kilichokuwa kikiendelea. Watafiti waliuliza ni nini kilichowatofautisha wagonjwa na majirani zao wazima. Kwa watoto, walikuta matatizo ya mimba na ya wakati wa kuzaliwa, kama mtoto aliyechelewa kulia au aliyezaliwa kwa shida. Kwa watoto hao hao, walikuta majeraha ya kichwa. Walikuta pia dalili za kuwahi kupatwa na baadhi ya vijidudu na minyoo. Tafiti nyingine za Kilifi zimeonyesha kuwa mtoto aliyenusurika malaria kali ya ubongoni huweza kubaki na kifafa. Pamoja na hayo yote, watafiti walikuta jambo jingine: watoto wenye kifafa walikuwa na jamaa waliowahi kuanguka, zaidi ya watoto wazima.

Basi ukoo umo katika hesabu. Lakini ni mmoja kati ya wengi, na wenzake wengi wanaweza kuzuiwa: kwa kliniki ya wajawazito, kwa mkunga mwenye ujuzi, kwa chandarua, na kwa kofia ya bodaboda.

Sasa tuitazame hiyo sehemu ya ukoo. Katika kila chembe ya mwili kuna maagizo yaliyoandikwa, mfano wa waraka mrefu. Kila mmoja wetu hupokea nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na kila nakala ina herufi karibu bilioni 3. Sehemu ya waraka inayoeleza kazi moja maalumu huitwa jeni. Herufi za mtu mmoja hutofautiana na za mwenzake katika mamilioni ya mahali, na karibu tofauti zote hizo hazidhuru. Nyingine hutupa tu sura na vimo vyetu. Chache hugusa maagizo yanayohusu umeme wa ubongo, na hizo ndizo zinazotuhusu leo.

Wengi wetu tukisikia maradhi ya kurithi hufikiri juu ya siko seli, kwa sababu tunaijua majumbani mwetu. Siko seli ina kanuni moja iliyo wazi. Ni jeni moja. Mtu mwenye nakala moja iliyogeuka na nyingine iliyo salama haugui. Wazazi wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa mtoto mgonjwa. Tunakosea tunapokipima kifafa kwa kanuni hiyo hiyo. Kifafa si maradhi ya jeni moja. Njia ambazo tofauti za jeni hukileta ni nyingi, nasi tutazitaja tatu.

Njia ya kwanza ni badiliko jipya, ambalo baba hana na mama hana. Waraka unaponakiliwa ili mtoto aumbike, herufi chache hugeuka. Kila mtoto duniani huzaliwa na makumi kadhaa ya herufi mpya za namna hiyo, na karibu zote hazina athari. Mara moja moja herufi mpya huangukia mahali pabaya. Mfano unaojulikana vizuri ni maradhi ya Dravet, yaliyoitwa hivyo kwa jina la tabibu wa Ufaransa, Charlotte Dravet, aliyeyaeleza mwaka 1978. Mtoto huanza kuanguka kabla ya kutimiza mwaka, mara nyingi akiwa na homa, na kuanguka huko huchukua muda mrefu. Mwaka 2001 watafiti wa Antwerp, nchini Ubelgiji, waliwapima watoto 7 wenye maradhi hayo. Wote walikutwa na badiliko katika jeni iitwayo SCN1A, inayoagiza kutengenezwa kwa vijilango vya kupitisha sodiamu katika chembe za ubongo. Zinazoumia zaidi ni zile chembe ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao. Na katika watoto wote hao 7, badiliko lilikuwa jipya. Halikutoka kwa wazazi. Tangu hapo imethibitika kuwa ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya wagonjwa wa Dravet.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Katika mitaa yetu wako wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu mtoto wao alianza kuanguka. Wakaambiwa, "Kifafa hiki umekuja nacho wewe." Wako na wanaume waliosemwa hivyo na wakwe zao. Ilhali katika maradhi kama haya hakuna aliyekuja nacho. Hakuna alichokula mama, wala alichokosa baba, wala jina lolote katika nasaba zao lililosababisha. Talaka ya namna hiyo imejengwa juu ya jambo lisilokuwepo, na mtoto hubaki mgonjwa na kukosa mzazi mmoja.

Hapo hapo tuondoe hofu nyingine: degedege ya homa huwapata watoto wengi wadogo, na walio wengi hukua wakaisahau. Kila degedege si Dravet, wala si kifafa.

Njia ya pili ni ile inayofanana na siko seli: nakala mbili zilizogeuka, moja kwa baba na moja kwa mama, ilhali wazazi wenyewe ni wazima. Vifafa vya namna hii ni adimu. Kimojawapo hutokana na jeni iitwayo ALDH7A1, na uhusiano wake ulijulikana mwaka 2006. Mtoto huanguka tangu siku zake za mwanzo, na dawa za kawaida za kifafa hazimtulizi, lakini vitamini B6 humtuliza. Tunakitaja kwa sababu kinatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kurithiwa si sawa na kutotibika. La pili linahusu ndoa za jamaa.

Kuoana mtoto wa ami na mtoto wa ami, au wa shangazi na wa mjomba, ni jambo la kawaida katika koo zetu nyingi, na hatuandiki kulitia ila. Watoto wengi wa ndoa hizo ni wazima. Lakini hesabu ni hesabu: binamu wa kwanza hushiriki, kwa wastani, sehemu moja kwa nane ya urithi wao, kwa kuwa babu na bibi zao ni wale wale. Kwa hivyo jeni adimu iliyojificha katika ukoo hupata nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mwenzake. Ikiwa ukoo haujawahi kuona maradhi ya namna hiyo, uwezekano huo ni mdogo. Lakini ikiwa wazazi walio jamaa wamekwisha kupata mtoto aliyeanza kuanguka akiwa mchanga na ambaye hakui kama wenzake, ni busara kumwona tabibu kabla ya mimba nyingine, na kabla ya kupanga ndoa nyingine ya binamu katika ukoo huo huo. Kufanya hivyo hakumvunjii heshima babu wala bibi.

Njia ya tatu huwahusu wagonjwa wengi zaidi, nayo ndiyo inayojulikana kidogo kabisa mitaani. Ni tofauti nyingi ndogo ndogo, kila moja ikiongeza uzito mdogo. Mwaka 2023 watafiti wa nchi mbalimbali walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watu karibu 30,000 wenye kifafa na zaidi ya 52,000 wasio nacho. Walipata mahali 26 katika waraka wa urithi ambapo tofauti za herufi zinahusiana na kifafa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomwangusha mtu peke yake. Wengi wetu tunaosoma makala haya tunazo baadhi yake, na hatujaanguka wala hatutaanguka. Tofauti hizo ni kama shehena ndogo ndogo chomboni: furushi moja halizamishi jahazi. Ajali ya kichwa, au malaria kali, au tabu ya kuzaliwa, huja kuongeza uzito juu ya uliokuwamo. Tukumbuke pia kwamba waliopimwa katika utafiti huo walikuwa, kwa sehemu kubwa mno, watu wenye asili ya Ulaya. Sisi wa Afrika tumo humo kwa uchache. Kwa hivyo hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumwambia mchumba mzima wa hapa Mombasa au Lamu kwamba atapata kifafa cha kawaida au hatakipata. Anayedai kukiuza kipimo hicho asinunuliwe.

Sasa twende kwenye hesabu ambayo kila mwenye kuposa na kuposwa anaitaka. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa Minnesota, nchini Marekani, uliofuatilia wazazi, ndugu na watoto wa watu wenye kifafa. Ilionekana kuwa kati ya jamaa hao wa karibu, chini kidogo ya 5 kwa kila 100 hupata kifafa kabla ya kufika umri wa miaka 40. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya uwezekano wa watu kwa jumla, na hatuna haki ya kuificha. Lakini isomwe na upande wake wa pili: 95 kati ya 100 hawapati. Uwezekano huongezeka pale kifafa cha jamaa ni kile kinachoanza ubongo mzima kwa pamoja, na hupungua pale chanzo ni jambo lililotokea baadaye, kama jeraha la kichwa. Idadi hizi ni za Minnesota, ambako malaria haipo na huduma za uzazi ni nyingi. Kwetu sababu nyingine ni nyingi zaidi, na sababu hizo hazimwulizi mtu nasaba yake.

Tuchukue mfano. Binti wa miaka 24 ameposwa. Kaka yake alianza kuanguka akiwa na miaka 9, na chanzo hakikupatikana. Wakwe wanawahofia wajukuu. Hofu hiyo tuipime hatua kwa hatua. Binti mwenyewe, kama ndugu wa mgonjwa, alizaliwa na uwezekano wa kiasi cha 5 kwa 100, na kwa kuwa utoto umempita bila ya kuanguka, sehemu ya uwezekano huo imepita pamoja nao. Watoto wake watakuwa mbali na mgonjwa kwa hatua moja zaidi. Yeye ni mjomba wao, na urithi wanaoshiriki naye ni mdogo kuliko alioshiriki mama yao. Uwezekano wao unakaribia ule wa mtoto yeyote mtaani. Kwa jambo hilo ndilo binti huyu anakataliwa, ilhali ndugu zetu hao hao hawaulizi kama bwana-harusi huendesha pikipiki bila ya kofia.

Madhara makubwa zaidi hayatoki katika jeni, bali katika kuficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa kuwa posa hufa kwa kifafa, familia nyingi zimejifunza kunyamaza. Bibi-harusi huambiwa aache vidonge wiki ya harusi ili visionekane kwenye sanduku lake. Hilo ni jambo la hatari kubwa: dawa za kifafa zikikatwa ghafla, mtu huweza kuanguka mfululizo bila ya kuzinduka, na hata kufa. Wengine huendelea kuzimeza kwa siri, na mume asijue, wala kliniki ya wajawazito isijue. Dawa iitwayo valproeti huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na Shirika la Afya Duniani limeshauri wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa wasiandikiwe. Anayeitumia asiiache mwenyewe. Amwone tabibu mapema, kabla ya mimba, abadilishiwe kwa utaratibu. Lakini atamwonaje mapema ikiwa nyumba nzima haitakiwi kujua? Kwa matibabu yaliyopangwa vizuri, wanawake wengi wenye kifafa huzaa watoto wazima.

Kuficha hukata pia njia ya matibabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Kilifi ulionyesha kuwa zaidi ya wagonjwa 6 kati ya 10 hawakuwa wakipata dawa ipasavyo. Umbali wa hospitali na bei ya dawa vilichangia, na vilevile imani juu ya chanzo cha maradhi. Dua ni haki ya mgonjwa, wala haimzuii mtu kumeza kidonge. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi wagonjwa 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila ya kuanguka wakitibiwa sawasawa. Na tabibu anayeelezwa ukweli wa ukoo hutibu vizuri zaidi. Mtoto wa Dravet, kwa mfano, huweza kuzidishiwa maradhi na kabamazepini, dawa inayowafaa wagonjwa wengine wengi. Tabibu asiyeambiwa kwamba mtoto alianza kuanguka kabla ya mwaka, akiwa na homa, atajuaje?

Basi tuulizane, lakini tuulize maswali yenye faida. Badala ya "kwao kuna kifafa?", na tuulize: kilianza akiwa na umri gani? Kilikuja baada ya nini, ugonjwa, ajali au tabu ya kuzaliwa? Ni mmoja tu katika ukoo, au ni wengi, na wako upande gani? Anatumia dawa gani, na mara ya mwisho kuanguka ilikuwa lini? Maswali hayo yaulizwe na mtu mzima mwenye kusitiri siri, na anayejibu ajibu kweli. Majibu yakionyesha wagonjwa kadhaa katika kizazi baada ya kizazi, au watoto wachanga waliougua katika ndoa za binamu, wachumba waende pamoja kwa tabibu wa maradhi ya ubongo wakashauriwe. Majibu yakionyesha mgonjwa mmoja, hapana sababu ya kuivunja posa.

Na mgonjwa mwenyewe naye ana haki ya kuoa na kuolewa. Aseme hali yake kabla ya nikahi, apate mwenza aliyemkubali akiijua, atakayemkumbusha dawa usiku na kumlaza ubavu siku akianguka. Siri ya kifafa mara nyingi hufichuka katika miezi ya mwanzo ya ndoa, na anayeipata kwa ghafla husikia kuwa amedanganywa, akasahau kwamba aliyemdanganya alikuwa akimwogopa.

Wazee mlio na posa mkononi mwezi huu, neno lenu ndilo linalosikizwa. Mkiuliza kwa upole na mkapokea jibu la kweli bila ya kuvunja, nyumba nyingine zitajifunza kusema kweli, na mgonjwa aliyefichwa chumba cha ndani atapelekwa hospitali.

Wabillahi tawfiq.